Njiwa wa Mjini na Chakula Chake

Mabibi na mabwana, njiwa wanaojaa kwenye viwanja na mapaa ya miji ya Ulaya si ndege wa mwitu kwa maana kamili. Asili yao ni njiwa wa majabali, atagaye kwenye mapango na magenge, ambaye binadamu alimfuga tangu maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama, mbolea na kupeleka barua. Waliotoroka mabandani ndio wahenga wa hawa tunaowazungumzia, na kwao ukingo wa dirisha la ghorofani ni genge kama magenge mengine. Wafugaji walipendelea ndege wenye kuzaa mwaka mzima, na tabia hiyo wamebaki nayo hadi leo.

Jike hutaga mayai mawili, akapokezana na dume kuyaatamia kwa siku 18 hivi, kisha wote wawili huwalisha makinda maziwa yanayotengenezwa na ukuta wa gole, yaani mfuko wa kooni unaohifadhi chakula. Binafsi nayastaajabia sana maziwa haya, kwani ndege wengi walao nafaka hulazimika kuwatafutia makinda wao wadudu, ilhali njiwa akiokota makombo ya mkate tu, hata katikati ya baridi, ataweza kulea. Mara nyingi jike hutaga tena kabla makinda wa mwanzo hawajaruka.

Kinyesi chao hula mawe ya chokaa ya majengo ya kale na huweza kubeba vimelea vya maradhi, ingawa mtu mwenye afya njema haambukizwi kwa urahisi. Wanaoumia zaidi, kwa maoni yangu, ni makinda wenyewe, ambao katika viota vilivyosongamana hufa kwa magonjwa na wadudu wanyonyao damu.

Mji wa Basel, Uswisi, uliua njiwa wapatao 100,000 kati ya mwaka 1961 na 1985, na idadi haikushuka, kwa sababu kila aliyekufa aliacha chakula na nafasi ambavyo njiwa mchanga mmoja alivirithi. Mwaka 1988 njia ilibadilishwa: wakazi walielezwa kwa subira kwamba kuwalisha njiwa, kwa kuwa huwazidisha hadi viota vikasongamana, ndiko kunakowatesa, na yakajengwa mabanda yaliyosimamiwa, ambamo mayai yaliondolewa. Katika miezi 50, makundi yaliyokuwa yakihesabiwa yalipungua kutoka njiwa wapatao 1,400 hadi karibu 700.