Ukuta Ulioliwa na Chumvi: Kuutengeneza kwa Chokaa, si kwa Saruji

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo tupo Mikindani, mwendo mfupi kutoka Mtwara Mjini, katika nyumba ya mama mdogo, na kazi iliyo mbele yetu ni ukuta huu wa sebuleni ambao umebabuka rangi kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno changu. Nikipitisha kiganja hivi, lipu inamwagika kama unga wa muhogo, na nyuma yake mnauona weupe laini uliojikusanya kama pamba.

Wengi wetu huuita weupe huu fangasi, kisha tunakwenda dukani kuomba dawa ya fangasi. Kabla ya kutoa fedha, chovyeni kidole katika maji safi na mguse mahali palipo peupe. Kama mnavyoona hapa, weupe umeyeyuka na kupotea, kwa hiyo hii ni chumvi. Fangasi wa kweli hawayeyuki, na mara nyingi huwa na rangi nyeusi au kijani na harufu ya uvundo.

Nyumba hii imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyojengwa nyumba nyingi za kale za pwani yetu tangu zile za Kilwa Kisiwani, na ukuta wa namna hiyo hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji yanapofika kwenye uso wa ukuta hukauka, lakini chumvi yaliyokuja nayo hubaki, na inapoganda kuwa chembe ndani ya vitundu vya lipu huisukuma lipu hiyo mpaka ikameguka. Zaidi ya hayo, chumvi ya kawaida huvuta unyevu wa hewa pindi unyevu huo unapozidi asilimia 75, ndiyo maana katika msimu wa mvua ukuta hutoka jasho hata pale ambapo bati halivuji.

Ni lazima nikiri jambo hapa. Miaka mitatu iliyopita nilipiga ukuta huu huu lipu ya saruji nzito, kisha nikaupaka rangi ya mafuta, kwa sababu saruji hutengenezwa hapa hapa mkoani na ni rahisi kuipata kuliko chokaa nzuri. Ulipendeza kwa msimu mmoja. Unyevu ulipokosa pa kutokea ulipanda juu zaidi, ukajitokeza pale saruji ilipokoma, na hatimaye lipu yote ikabanduka kama ganda la korosho, ikiwa imeng'ang'ania vipande vya matumbawe kwa nyuma. Mama mdogo hakunigombeza. Aliniuliza tu ufagio uko wapi.

Kwa hiyo safari hii hatuanzii ukutani. Tutoke nje kwanza. Tazameni udongo ulivyorundikana kwa miaka mingi ya kufagia na kulima maua, hadi ukawa juu kuliko sakafu ya ndani, na tazameni mfereji mdogo ambao maji ya paa yameuchimba kwa kudondoka karibu kabisa na ukuta. Ondoeni udongo huo mpaka uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hivi, mkiuelekeza mteremko mbali na nyumba, lakini msichimbe hadi kuufichua msingi kwa chini. Katika ukanda wenye upana wa sentimita 30 mwageni kokoto, si zege, kwa kuwa zege huyafungia maji chini yake na kuyalazimisha kupanda ukutani. Fungeni gata ikiwa uwezo upo, na sogezeni mbali bomba la nje, mahali pa kuogea na karo la kufulia.

Baada ya hapo upeni ukuta muda. Ukuta mnene wa mawe hukauka kwa miezi, si kwa siku, na kwa huku kwetu ni vyema kuanza kuchimba nje mara mvua zinapokatika mwezi Mei, ili lipu ipigwe kati ya Julai na Septemba.

Sasa turudi ndani. Zimeni swichi kuu ya umeme kabla ya kugonga popote karibu na soketi, vaeni miwani ya kukinga macho, na tandikeni turubai sakafuni. Tumieni tindo na nyundo ndogo, mkiishika tindo kwa kuilaza, kwa sababu matumbawe ni laini na nyundo kubwa itang'oa jiwe zima. Toeni lipu mpaka sentimita 50 juu ya alama ya mwisho ya unyevu, hata kama sehemu hiyo ya juu inaonekana nzima. Sikilizeni mlio: hapa unalia kwa uzito, lipu bado imeshika, hapa unalia kama debe tupu, na hapo pote lazima patoke. Katikati ya mawe kwangueni chokaa iliyooza kwa kina cha sentimita mbili. Mkikuta ufa unaopitisha vidole, au jiwe linalocheza, acheni kazi na mwiteni fundi mwashi. Aidha, ikiwa nyumba ni miongoni mwa majengo ya kale yanayohifadhiwa, ulizeni halmashauri kabla ya kuinua nyundo.

Chumvi iliyobaki isugueni kwa brashi kavu. Ninasisitiza neno kavu, maana ukiuosha ukuta, maji yataiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ulikoitoa. Vifusi vyote vikatupwe mbali, si chini ya dirisha.

Tuje kwenye chokaa, na hapa ninawaomba mtulie. Chokaa ya unga inayouzwa kwa mifuko imekwisha kuzimwa, yaani imeshatiwa maji ikamaliza kuchemka. Ilowekeni katika maji kwa siku moja, iwe kama ugali laini. Msinunue mfuko uliokaa wazi dukani, kwa kuwa chokaa hukauka kwa kuvuta hewa, na iliyokwisha kuivuta haitashika tena. Chokaa mbichi kutoka tanurini ni jambo jingine: huchemka vikali inapokutana na maji na inaweza kupofusha. Itieni kidogo kidogo ndani ya maji, wala msimimine maji juu yake. Tumieni pipa la chuma, vaeni glavu, na waondoeni watoto uani. Ikishazimika, iacheni chini ya maji kwa wiki mbili au zaidi.

Mchanga uwe wa mtoni, usiwe wa ufukweni, hata kama ufukwe upo hatua 20 kutoka mlangoni. Lambeni chembe chache. Mkionja chumvi, urudisheni. Kisha, ili kupima tope lililomo, jazeni mchanga hadi theluthi ya chupa, ongezeni maji na chumvi kidogo, mtikise na kuiacha itulie kwa saa chache. Tope litakaa juu ya mchanga, na likizidi takribani sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo chake, mchanga huo unahitaji kuoshwa.

Changanyeni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Mtadhani ni kavu mno, lakini endeleeni kuupondaponda mchanganyiko huo kwa beleshi kabla ya kuongeza maji, kwa kuwa chokaa hulainika kwa kupigwa. Mchanganyiko uliokubali ni huu: nikiugeuza mwiko chini juu, haudondoki.

Nyunyizieni ukuta maji baridi, yasiyo ya kisima cha chumvi, kisha urusheni mchanganyiko kwa nguvu ya kiganja ili uingie kati ya mawe. Tabaka la kwanza lisizidi milimita 10. Likianza kukaza, lichoreni kwa msumari ili la pili lipate pa kushika, na subirini wiki moja kabla ya kulipiga hilo la pili. Mafundi wengi hupenda kumalizia kwa kunyunyiza saruji kavu ili ukuta ung'ae. Tafadhali mkatalieni fundi wenu kwa upole.

Upepo wa kusi unaovuma miezi hii hukausha haraka kupita kiasi, na chokaa iliyokaushwa kwa haraka hupasuka na kugeuka vumbi. Funikeni ukuta kwa magunia ya korosho yaliyolowekwa maji, yakining'inia bila kuugusa, na myaloweshe asubuhi na jioni kwa siku tano au zaidi.

Kwa nyumba za tofali za saruji, utaratibu ni huo huo, ila mchanganyiko uwe saruji moja, chokaa moja na mchanga sita.

Mwisho ni rangi. Zimueni chokaa iwe nyepesi kama maziwa, mpake tabaka nne nyembamba juu ya ukuta wenye unyevu kidogo, mkiacha kila moja ikauke. Msishtuke mkiona ukuta unabaki kijivu baada ya kupaka. Weupe hutokea chokaa inapokauka. Kabati lirudi sentimita 10 mbali na ukuta ili hewa ipite.

Mvua zijazo weupe kidogo utajitokeza tena kwa chini, kwa kuwa chumvi iliyo ndani ya mawe haiwezi kuisha kwa kazi moja. Usugueni kwa brashi kavu, na palipomeguka mzibe. Kwa ajili hiyo, chokaa iliyobaki msiimwage: itieni katika ndoo yenye kifuniko, mmimine maji juu yake kiasi cha vidole viwili, na muihifadhi kivulini.