Farasi Mnene Aliyetelekezwa

Mhadhara kwa wafugaji na vijana waongoza farasi ufukweni, uliotolewa katika ukumbi wa skuli, Nungwi, Unguja

Assalamu alaykum. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi wenye magari ya punda, maana kila saa mnayokaa hapa ni safari ya mchanga mmeiacha.

Sote tumesomeshwa chuoni kwamba kheri imefungwa kwenye nywele za paji la farasi. Leo nitaliacha paji nishuke mpaka kwenye kwato, kwa sababu farasi jike mmoja alinionyesha kwamba mimi, niliyekulia juu ya gari la punda la babu yangu, nilikuwa sijui kitu.

Wala si ajabu. Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alikuwa na farasi wa Kiarabu, na merikebu yake Sultana ilipotia nanga New York mwaka 1840 ilikuwa na wawili, zawadi kwa rais wa Marekani. Lakini farasi walikuwa wa majumba makubwa. Mtu wa kawaida alikuwa na punda. Tena Unguja ilikuwa na mbung'o, inzi wanaoambukiza farasi maradhi ya kuua, mpaka miaka ya 1990, walipomalizwa kwa kuachiwa madume tasa waliozalishwa Tanga. Hawa farasi wa ufukweni wamekuja juzi tu. Wao walishushwa, elimu yao ikabaki bandarini.

Basi. Ilikuwa Mei, masika yamekaza, wageni hakuna. Jamaa akanipigia simu: kuna farasi nyuma ya ua fulani, siku ya pili hii amelala, hataki kuinuka. Nikenda. Jina la mwenyewe halina faida kwenu. Nilitegemea kukuta mifupa, nikakuta farasi mnene! Shingo imejaa juu, ngumu kama nundu ya ng'ombe. Mbavu huzioni, ukipapasa huzipati. Majirani wakasema, "Huyu anakula kuliko sisi, ana dhiki gani?" Na kweli alikuwa akila: pumba za mpunga, pumba za mahindi, mikate iliyobaki. Ila tangu Machi hakutolewa bandani, na tupa haikugusa kwato zake kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Za mbele zilikuwa zimerefuka zikapinda juu kama omo la dau.

Tulipomwinua alisimama kwa namna ambayo nataka muishike. Miguu ya mbele kaitupa mbele, ya nyuma kaivuta chini ya tumbo, mwili wote unaegemea nyuma, kama mtu aliyesimamishwa juu ya makaa. Anabadilisha mguu, huu, huu, huu tena. Mmoja akasema ana mgongo. Mwengine akasema mvivu. Tuna methali, shukrani ya punda ni mateke. Nadhani aliyeitunga hakuwahi kuinua mguu wa punda wake akautazama chini.

Nani hapa anauza samaki? Ukifunua shavu la changu unaona nini? Vijani vyekundu vimepangana. Ndani ya ukwato mna mfano wake. Kuna mfupa, kuna ganda la nje, na baina yao vijani zaidi ya mia tano, vya huku na vya kule, vimeingiliana kama vidole vya mikono miwili. Farasi hakukanyaga tu, amening'inia ndani ya ganda lake. Kilo 400 zinategemea vijani hivyo, na miguu ya mbele inabeba kama asilimia 60. Sasa vikivimba vitavimbia wapi, na ganda ni gumu? Vikiachia, mfupa unainama au unazama, na ukizidi unatoboa unyayo. Madaktari wa mifugo wanauita laminaitisi. Sisi hatuna jina lake, na nadhani ndiyo maana tunasema "mgongo".

Ugonjwa uko mguuni, lakini mara nyingi umepita mdomoni. Pumba na nafaka zikizidi, utumbo mdogo unashindwa, zinafika utumbo mkubwa na kuchacha, na madhara yake yanashuka na damu mpaka kwato. Na mnyama mnene asiye na kazi ana balaa jengine: insulini yake, ile homoni inayodhibiti sukari, inapanda damuni na kubaki juu. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha kwamba waliwatilia insulini poni wazima, yaani farasi wa aina ndogo, wakaugua kwato. Hawakuwalisha kibaya chochote.

Ile mikate ilitolewa kwa huruma. Siku ile sikuwa na moyo wa kuwaambia walioitoa. Nawaambia leo, na wengine mpo.

Tulianza na barafu, ambayo pwani yenye wavuvi haikosi. Kwa yule tulikuwa tumechelewa. Barafu ina kazi siku mbili tatu za mwanzo, kabla vijani havijaachia. Tukammwagia mchanga mkavu bandani, kina cha kufukia kwato, tukakata godoro bovu la sponji tukamfunga nyayo kwa utepe wa gundi. Daktari akaleta dawa ya maumivu. Alitokea mtu akashauri tumtembeze baharini, chumvi itamponya. Hapana! Kwa mnyama wa namna hii kila hatua inang'oa vijani vilivyobaki.

Kosa nililofanya mimi lilikuwa kwenye chakula. Kwa vile shibe ndiyo iliyomponza, nikamnyima kila kitu. Daktari alinigombeza mbele za watu, na alikuwa na haki. Mnyama mnene, punda na poni hasa, akifungishwa ghafla, mafuta ya mwili yanamiminika damuni, ini linashindwa, na anaweza kufa kwa siku chache. Tukaenda kwa mzani wa samaki: kilo 6 za majani makavu kwa siku, yaani asilimia moja na nusu ya uzito wake, yaliyorowekwa saa nzima na maji yake kumwagwa, kwa sababu sukari hutoka na maji. Pumba tukaziacha kabisa.

Kila wiki nne au tano fundi alikuja na tupa, akapunguza kidogo, akaondoka. Ukwato hauongezeki hata sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ganda la mbele zima ni kazi ya kama mwaka. Mwezi wa pili wa matibabu akachechemea upya, vibaya kuliko mwanzo. Tukaanza kunong'ona habari ya sindano ya mwisho. Asubuhi ya tatu usaha ukapasuka juu ya ukwato, pale nywele zinapoishia, na mchana ule akala majani kichwa kikiwa chini, masikio yamelegea. Ukwato mpya ukawa unashuka laini, unausukuma ule wa zamani wenye pete. Pete zikiwa pana kisiginoni na zimebanana mbele, jueni punda wenu aliwahi kuugua na nyinyi mlimpiga atembee.

Watu wananiuliza kama amerudi kubeba wageni. Hajarudi wala hatarudi. Mwezi wa kumi na moja alijibiringisha mchangani miguu juu, akainuka mwenyewe, akajikung'uta. Mimi nilitosheka.

Sasa tutoke nje. Mzee wetu ameniruhusu punda wake, yuko pale chini ya mkungu. Nitawaonyesha pa kushika nyuma ya kifundo cha mguu: kwa mzima mshipa hausikiki sana, kwa mgonjwa unagonga vidole. Mje watatu watatu, na watoto wakae mbali na nyuma yake.