Buck Weaver hakula hela, alinyamaza tu

Asanteni jamani, kaeni, na nyie wa nyuma sogeeni huku mbele viti vipo. Leo naongelea besiboli, najua wengi humu hamuifuatilii, ila kuuza mechi mnakujua na kila mtu hapa ana kaka au shemeji anayebeti kwenye simu, kwahiyo tutaelewana tu.

Mwaka 1919, Chicago. White Sox ni timu inayoogopwa kweli, wameingia fainali ya World Series wanacheza na Cincinnati Reds, na anayewahi kushinda mechi 5 ndo bingwa. Wanaobeti wengi wameweka kwa Chicago, halafu mechi zinakaribia pesa zinaanza kuhamia Cincinnati, nyingi tu, wazoefu wakaanza kuulizana kuna nini huko maana pesa nyingi hivo haihami hivi hivi.

Kilichokuwepo ni kwamba mchezaji mmoja wa Chicago, Chick Gandil, ameshaongea na wacheza kamari, wachezaji wenzake kadhaa wamekutana hotelini na wamekubali kuachia fainali kwa ahadi ya maelfu ya dola. Eddie Cicotte, mrushaji wao tegemeo, yani anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, mtu aliyeshinda mechi 29 msimu ule ule, akasema mimi nataka changu kwanza. Fainali haijaanza, karudi chumbani kwake hotelini, kainua mto wa kitanda, dola 10,000 zimelala pale chini. Hilo alikuja kulikiri mwenyewe.

Oktoba 1 sasa, uwanja wa Cincinnati umejaa, mpigaji wa kwanza Morrie Rath kasimama. Cicotte karusha mpira wa kwanza, safi kabisa. Wa pili ukampiga Rath mgongoni. Uwanjani watu wakaona ni bahati mbaya tu, lakini wacheza kamari walikuwa wanasubiri hicho hicho, ndo ishara yao kwamba dili lipo. Mechi ikaisha Cincinnati 9, Chicago 1.

Lefty Williams, mrushaji mwingine wa Chicago aliyekuwemo kwenye dili, akapoteza mechi zote 3 alizoanza, na fainali ikaenda Cincinnati 5 kwa 3. Dickie Kerr, mrushaji wa Chicago ambaye hakuwemo, alishinda zake mbili huku nyuma yake uwanjani wamesimama watu waliouza mechi, yani huyo kijana kila nikimfikiria roho inaniuma.

Kwanini waliuza? Wakati ule mkataba ulikuwa unakufunga, klabu ikitaka inakushikilia mwaka hadi mwaka, huwezi kwenda kwingine, ukikataa mshahara wao basi huchezi. Joe Jackson alikuwa analipwa dola 6,000 wakati Eddie Collins wa timu hiyo hiyo anachukua 15,000. Siwatetei, Jackson alipokea dola 5,000 za wacheza kamari na hata kama alipiga vizuri fainali nzima, hela alikaa nayo.

Sasa Buck Weaver, mchezaji wa Chicago hiyo hiyo, ndo aliyenileta hapa leo. Alikaa kwenye vikao, alisikia mpango, hakuchukua hata senti na akacheza kwa nguvu zake zote, mara 34 za kupiga akapata 11. Ila hakumwambia mtu. Septemba 1920 Cicotte akakiri, wakashtakiwa, karatasi za waliokiri zikapotea, na Agosti 2, 1921 mahakama ya Chicago ikawaachia wote. Wakasherehekea usiku huo. Kesho yake tu Landis, jaji aliyepewa usimamizi wa besiboli nzima, akatangaza kwamba wachezaji wote 8, Weaver akiwemo, ndo basi hawachezi tena, hata aliyekaa na wala rushwa akasikia akanyamaza naye harudi.

Na mimi hapo ndo nakataa. Weaver alistahili adhabu, msimu mmoja, miwili, sawa. Lakini Charles Comiskey, mwenye timu, alipelekewa minong'ono hiyo fainali ikiwa bado inaendelea, na wakubwa wa ligi walifikishiwa, wakaacha msimu mzima wa 1920 unachezwa karibu hadi mwisho na wengi wa wachezaji wale wale, viingilio wanakusanya. Huko sio kunyamaza? Mbona hakuna mkubwa hata mmoja aliyefungiwa? Ukimya wa mchezaji ukaitwa kosa la maisha, ukimya wa tajiri haukupewa hata jina, na jamani hili linaniumiza miaka yote niliyosoma mambo haya.

Weaver alikuwa na miaka 30 tu. Akaomba kurudishwa, akakataliwa, akaomba tena na tena, bado anaandika barua mwaka 1953 ni mzee tayari. Alifariki 1956, huko huko Chicago. Mei 2025 ndo besiboli ikasema kifungo cha mtu kinaisha akishakufa, jina lake likatolewa kwenye orodha ya waliofungiwa, yeye yupo kaburini miaka 69.

Haya, maswali. Dada pale dirishani anza wewe.