Mwalimu wa Kiswahili Asikae Peke Yake

Ndugu walimu wenzangu, jambo hili nimelisema kila nilipopewa nafasi, na leo nalirudia kwa sababu wengi wetu bado hatujajiunga na vyama vya kanda vya walimu wa lugha. Mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha Marekani mara nyingi yuko peke yake idarani. Hana wa kumwonyesha mtihani aliotunga, hana wa kumuuliza kwa nini darasa la mwaka wa pili limepooza. Na vyama hivyo vya kanda vipo, vitano nchi nzima! Hapa kaskazini-mashariki tuna Northeast Conference, NECTFL, iliyoanza kukutana 1954. Sputnik, setilaiti ya Wasovieti iliyoishtua Marekani, ilirushwa 1957, sheria iliyoleta fedha za serikali kwenye lugha ikapita 1958, ACTFL, baraza la walimu wa lugha la nchi nzima, ikaundwa 1967. Walimu wa kanda hii hawakungoja lolote kati ya hayo.

Najua mtaniambia: "Kule ni Kihispania na Kifaransa tu, sisi tuna CHAUKIDU, chama chetu cha kukuza Kiswahili duniani." Tunayo, na simwambii mtu ahame. Lakini ufundi wa darasani hauulizi unafundisha lugha gani.

Mwenzetu mmoja, kwenye mkutano wa kanda, aliingia kwenye warsha ya mwalimu wa Kichina wa sekondari. Mwalimu yule hakutamka neno la Kiingereza. Alipanga matunda mezani, akauza, akagombana na wateja juu ya bei, kila mtu akalazimika kununua. Watu walioingia hawajui hata salamu ya Kichina walitoka wanataja bei. Mwenzetu aliporudi chuoni aliweka kando jedwali la ngeli, lile tunalolijaza ubaoni wiki za mwanzo, akaleta ndizi, machungwa na vikapu. "Nipe chungwa hili." "Hilo limeoza, chukua lile." "Vikapu hivi bei gani?" Mwanafunzi akisema "chungwa hii", muuzaji anauliza, "Lipi? Hili?" na mwanafunzi anajirekebisha bila kukatizwa. Jedwali lilikuja baadaye, na wanafunzi ndio waliolijaza. Mambo haya aliyapata kwa mwalimu wa Kichina, jamani, si kwetu!

Atasimama mtu aseme ngeli ni kanuni, lazima zifundishwe. Sikatai kanuni. Nakataa kanuni itangulie kinywa. ACTFL inapendekeza walau asilimia 90 ya muda wa darasa utumike katika lugha inayofundishwa. Mwalimu anayeeleza upatanisho wa kisarufi kwa Kiingereza saa nzima atafikaje huko?

Naona naonyeshwa saa, basi haraka haraka. Tuzo ya ACTFL ya Mwalimu wa Mwaka hupitia kwenye kanda: kila kanda hutoa mmoja, na mshindi wa taifa hutoka kwa hao watano. Tukikaa nje, nani atalitaja jina la mwalimu wa Kiswahili? Halafu sekondari. Tunalalamika kwamba Kiswahili kimebaki vyuoni, na walimu wa sekondari wenyewe wanakutana huko kwenye kanda kila mwaka bila sisi. Suala la ada na nauli naliruka. Ombeni idara zenu zilipe, na msiombe kwa unyonge.

Nataka tupeleke pendekezo la warsha ya ngeli kwenye mkutano ujao wa NECTFL. Anayefundisha mwaka wa kwanza na yuko tayari kusimama nami mbele ya walimu wa Kihispania, anifuate hapa tukimaliza.