Maneno Hayaachi Mifupa

Asanteni. Wale mliosimama nyuma, viti bado vipo huku mbele.

Mwaka 1866, chama cha wanaisimu cha Paris kilipiga marufuku mijadala kuhusu chanzo cha lugha. Kilikuwa kimechoshwa na kubahatisha, na mimi sikilaumu. Ulimi ni nyama, huoza. Hakuna mchimbaji aliyewahi kufukua sentensi.

Wataalamu wakageukia mifupa, watafute dalili za lini binadamu alianza kusema. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, mtafuta mifupa ya kale wa Kenya, aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kuchimba kukaendelea hadi kikapatikana karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Waliompima walisema tundu la uti wa mgongo wake ni jembamba sehemu ya kifua, hivyo hakuwa na neva za kutosha kudhibiti pumzi kama anavyofanya msemaji. Wengine wakajibu kwamba huenda mgongo wenyewe ulikuwa na kasoro. Kesi nzima kumwekea mtoto mmoja! Haiendi mbali.

Mimi nategemea mawe. Kutoka Nairobi shukeni Barabara ya Magadi kama kilomita 70 mfike Olorgesailie. Mashoka ya mawe yametapakaa pale, makubwa, yamechongwa pande zote mbili, na umbo lake halikubadilika sana kwa mamia ya maelfu ya miaka. Mawe yake mengi ni ya papo hapo. Lakini kwenye tabaka za miaka kama 320,000 iliyopita mambo ni mengine kabisa: vyombo vidogo, ncha za kufungwa kwenye mpini, na vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Pale Olorgesailie obsidiani haipo. Ilitoka kilomita 25 hadi 50, nyingine mbali zaidi, kupitia ardhi ya Bonde la Ufa ambayo wenye magari wenyewe wanaijua. Yamepatikana pia mawe ya rangi nyekundu, na moja lina alama za kutobolewa kwa chombo chenye ncha.

Sasa fikirini. Jiwe la mbali ama unalifuata mwenyewe ukipita kwa watu wengine, ama unabadilishana nao. Vyote viwili vinataka mapatano. Kitu kilicho mbele yako utakionyesha kwa kidole. Kilicho nyuma ya milima miwili je? Sisemi walikuwa na sarufi kama yetu. Nasema kunyamaza kungewagharimu sana.

Kuna aliyeniletea kikaratasi akiuliza kama lugha ya hao watu wa Olorgesailie ndiyo mama wa Kibantu. Hapana, ndugu yangu. Lugha za Kibantu zilianza kusambaa kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni miaka kama 4,000 au 5,000 iliyopita, na kulinganisha maneno hakutufikishi nyuma zaidi ya miaka elfu kumi hivi. Kabla ya hapo tuna mawe tu. Haya, maswali mengine.