Hassan Sabbah na ile bustani ya Alamut

Najua swali la kwanza leo litakuwa lipi. Bustani! Eti Hassan Sabbah, kiongozi wa Waismailia, tawi la Kishia, alikuwa na bustani ya siri katika ngome yake ya Alamut, milimani Uajemi: vijana wanaleweshwa bangi, wanazinduka wamezungukwa na mabinti, kisha wanatumwa kuua ili warudi peponi. Nimelijibu mara nyingi, na leo nalijibu tena.

Aliyekieneza kisa hicho ni Marco Polo. Kazaliwa 1254, Wamongolia wa Hülegü wakaitwaa Alamut 1256. Pigeni hesabu wenyewe. Hassan alikuwa kaburini tangu 1124. Sasa mchukueni Juwayni, mwanahistoria wa Kisunni aliyemtumikia Hülegü. Aliwalaani Waismailia waziwazi. Aliipekua maktaba ya Alamut, akatoa misahafu na vitabu alivyovitaka, vya itikadi yao akavichoma. Akaeleza ghala zilizochongwa mwambani, hadi matangi ya siki na asali. Bustani hakuitaja. Adui aliyehesabu hata siki angeiachaje pepo ya bandia? Na huyu Hassan aliwaua wanawe wawili: mmoja kwa tuhuma ya mauaji, baadaye ikadhihirika ni uzushi, wa pili kwa kunywa mvinyo. Ndiye wa kugawa bangi?

“Lakini shehe, alisoma darasa moja na Nizam al-Mulk na mshairi Omar Khayyam!” Nizam, waziri wa Waseljuki, Waturuki waliotawala Uajemi, alizaliwa 1018. Wangekuwa rika, Hassan angekufa na miaka mia na ushei, bado akiendesha dola. Haya.

Ukweli wenyewe una utamu zaidi. Alizaliwa Qom katika nyumba ya Kishia Ithnaasheri, akaingia Uismailia akiwa Rayy, akafika Cairo, makao ya khalifa wa Waismailia, 1078. Alamut hakuipata kwa upanga. Kwanza walinganiaji wake walivivuta vijiji vya jirani, kisha wakawageukia askari wa ngomeni. Septemba 1090 yeye mwenyewe akaingia kisirisiri kwa jina la Dihkhuda. Mahdi, aliyeishika ngome kwa niaba ya Sultani Malikshah wa Waseljuki, alipozinduka, askari si wake tena. Akaruhusiwa kuondoka salama na hawala ya dinari 3000, alipwe na Rais Muzaffar, ofisa wa Waseljuki. Akadhani ni mzaha, mpaka dhiki ilipomkaba akaipeleka. Akalipwa! Muzaffar naye alikuwa Muismailia wa siri. Sultani alikuwa akipeleka jeshi kuzingira mlima, kumbe adui kakaa hata katika ofisi zake.

Simtakasi. Aliamuru watu wauawe, na Nizam al-Mulk alichomwa kisu 1092. Ila mfidai, yaani muuaji aliyejitoa mhanga, alijigeuza sufi, akangoja nafasi, akajua harudi. Hiyo si kazi ya mlevi.

Mengine nayapitia mbio, mwenyekiti keshaanza kutazama saa. 1094 Khalifa al-Mustansir alifariki Cairo. Hassan akashika upande wa Nizar, mwana wa khalifa aliyenyimwa kiti, akavunja uhusiano na Misri, na Waismailia wa Aga Khan wanatokana na mkondo huo. Aliishi Alamut miaka 34 bila kushuka. Mrithi wake, Kiya Buzurg-Ummid, hakuwa wa damu yake, alikuwa kamanda wa ngome ya Lamasar. Fundisho la talimu, kwamba dini lazima ifundishwe na imamu mwenye mamlaka, na mwanachuoni wa Kisunni Ghazali alivyolishambulia, linataka kikao chake. Haya, ulizeni.