Kumuuliza Panya Kama Kichwa Kinamuuma

Habari za jioni, ndugu zangu. Naanza na neno letu wenyewe: kipandauso. Aliyelitunga alijua kuwa maumivu haya hayatulii kichwani, yanapanda hadi usoni. Mnaougua mnafahamu: siku hiyo hata kitana kinauma, miwani inauma, mto unauma. Mwaka 2000 mtafiti Rami Burstein na wenzake, Boston, walieleza kuwa kati ya wagonjwa 42 waliopimwa shambulio likiwa limewashika, 33 ngozi yao iliumizwa na vitu ambavyo kwa kawaida haviumizi.

Neva ya trijemina ndiyo inayobeba hisia za uso, na ndiyo hiyo hiyo inayobeba hisia za utando unaofunika ubongo. Zote zinafikia kituo kimoja kwenye shina la ubongo. Kituo kikichokozwa sana kutoka ndani, mguso mwepesi wa paji nao hupokewa kama maumivu. Panya wa maabara hawezi kuniambia kichwa kinamuuma, lakini paji lake linaweza kunijibu.

Chombo chetu ni uzi. Mtafiti Max von Frey, mwishoni mwa karne ya 19, alitumia singa za farasi. Leo tuna nyuzi za nailoni zenye mpini. Uzi ukishapinda, nguvu yake haizidi hapo hata usukume. Kati ya zile tunazomgusia panya, mwembamba kabisa hupinda kwa gramu 0.008, mnene kabisa kwa gramu 2.

Hapa naomba subira yenu, maana kazi yote iko hapa. Panya anakaa kwenye kikombe kidogo cha karatasi, na siku kadhaa kabla umeshamzoesha kikombe, chumba na mkono wako. Unagusa katikati ya paji, nyuma kidogo ya macho. Sharubu usiziguse kabisa; atageuka kwa udadisi tu, nawe utadhani ameumia. Unaanza na gramu 0.4. Uzi unapinda, unasubiri. Akitulia, unachukua mnene zaidi. Akirudisha kichwa ghafla, au akijipangusa uso kwa mikono mara kwa mara, unaandika kuwa amejibu na unashuka kwenye mwembamba. Ukipanda na kushuka hivyo, unakipata kizingiti chake, yaani nguvu ndogo kabisa inayomfanya ajibu.

Nitrogliserini, dawa ya moyo, huamsha kipandauso kwa wenye ugonjwa huo. Panya akidungwa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, siku moja ndiyo moja siyo, kwa siku 9, kizingiti hushuka, na mwishowe kinabaki chini hata kabla ya sindano inayofuata. Sumatriptani, dawa wanayomeza watu wenye kipandauso, huzuia mshuko unaofuata sindano. Ndiyo maana naamini tunapima kitu cha kweli.

Lakini mshika uzi asijue panya yupi kapewa nini. Na hata harufu yake ina uzito: mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walionyesha kuwa harufu tu ya mwanamume huwatia panya msongo, dalili za maumivu zikapungua. Na majike lazima wapimwe: wanawake wanaugua takriban mara tatu ya wanaume, na kuwapima panya madume peke yao ni kuwadhulumu wanawake hao.

Nimekuja na nyuzi tatu. Zipitisheni, kila mtu ajiguse kiganjani kwanza, kisha juu ya nyusi. Aliyeamka na kipandauso leo, tafadhali, asiguse uso.